Mtoano wa bahati kwenye kundi la WhatsApp: unapoharibikia na namna ya kuuendesha

Ukiandika "jamani, tucheze mchezo" kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania, wa kwanza kujibu atauliza kila mtu anatoa shilingi ngapi kwa wiki na nani anapokea kwanza. Kwa hiyo tangazo lianze kwa kuondoa utata huo: hapa hakuna kupokezana fedha. Huu ni mtoano wa bahati. Wanaingia watu, tuseme 60, kila raundi kura inawatoa baadhi yao, mpaka abaki mmoja. Hakuna maswali ya kujibu, na mwenye kidole chepesi hana faida yoyote. Anayebaki anapewa zawadi, mara nyingi vocha au bando, na haki ya kuwatamba wenzake wiki nzima.

Ukisimuliwa unaonekana mwepesi, na ndiyo maana wengi huuanzisha bila kuandika kanuni hata moja. Kufikia raundi ya tatu kuna mtu ameshauliza kwa nini rafiki wa admini hatoki, na admini ambaye hakufanya hila yoyote hana cha kuonyesha. Kinachogombanisha watu hapa mara chache ni bahati yenyewe. Wanagombana kwa sababu kuna jambo lilikuwa bado linaweza kubadilishwa baada ya namba kujulikana: orodha, saa, kanuni ya sare, au kitufe kilichoweza kubonyezwa mara ya pili. Mwendeshaji mzuri hufunga mambo hayo yote kabla ya kura, na hufunga kwa namna ambayo mwanachama mwenye shaka anaweza kuikagua mwenyewe usiku wa manane bila kumwomba mtu ruhusa.

Watu watoke vipi

Njia inayowajia wengi kichwani ni kumrushia kila aliyebaki sarafu au dadu. Sarafu ikilala upande mbaya, umetoka. Kwa watu 60, sarafu humaliza kazi kwa raundi kama 6. Dadu ambayo 1 na 2 ndizo mbaya huchukua raundi kama 10. Dadu ambayo 1 pekee ndiyo mbaya huchukua kama 20, na hakuna kundi litakalovumilia raundi 20. Kufika ya nane nusu ya watu wameshazima sauti ya kundi.

Tatizo la njia hii huonekana mwishoni. Wakibaki wawili na sarafu, huenda wote wakaanguka kwa pamoja, na mchezo ukaisha bila mshindi. Ukipiga hesabu, wawili hao wana uwezekano wa 1 kati ya 3 wa kuishia hivyo. Ukiuangalia mchezo mzima wa sarafu tangu watu 60, karibu michezo 28 kati ya 100 humalizika watu wote wakiwa chini. Kwa dadu yenye pande mbili mbaya ni karibu 18, na kwa yenye upande mmoja mbaya ni karibu 9. Hapo ndipo admini huamua papo kwa papo "basi warudie hao watatu", na aliyeanguka raundi moja kabla yao analalamika, tena kwa haki. Kanuni ya sentensi moja inaponya: raundi itakayowaangusha wote haihesabiki, inarudiwa kwa waliokuwamo. Lakini iandikwe siku ya kwanza.

Iliyo tulivu zaidi ni kutoa idadi maalumu kila raundi: 60, 30, 15, 8, 4, 2, 1. Raundi sita, hakuna sare, na kila mtu anajua tangu Jumatatu kwamba fainali ni Jumamosi. Kwa kundi linalocheza mara ya kwanza, hii ndiyo ya kuchukua.

Kuna njia ya tatu inayopendwa kwa sababu humpa mchezaji kitu cha kufanya. Kila mtu anachagua upande, Pwani au Bara, kisha sarafu moja inaamua upande upi utoke. Inaonekana ni bahati tupu, na kumbe ina mlango wa nyuma. Tuseme mmebaki 11, wanane wameshachagua Pwani, wawili Bara, na wewe ndiye wa mwisho. Upande wowote utakaokwenda, nafasi yako ya kuvuka raundi ni nusu. Lakini ukienda Bara na Bara ikapona, mnabaki watatu. Ukienda Pwani na Pwani ikapona, mnabaki tisa. Nafasi yako ya kuutwaa mchezo ni nusu ya 1/3, karibu asilimia 17, dhidi ya nusu ya 1/9, chini kidogo ya asilimia 6. Anayechelewa kuchagua ana faida mara tatu. Kwa hiyo kura ya maoni ya WhatsApp haifai hapa, kwa sababu inaonyesha nani amechagua nini dakika ile ile. Machaguo yakusanywe kwa siri, mathalani kwa fomu ya Google ambayo haionyeshi majibu, na yatangazwe yote kwa pamoja baada ya muda kufungwa.

Namna moja iachwe kabisa: kupanga watu kwenye duara na kumtoa kila wa pili au wa tatu. Si bahati hata kidogo. Fumbo hili lina jina la Flavius Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1: watu 41 wamekaa duara, kila wa tatu anatolewa, na anayebaki daima ni aliyekaa nafasi ya 31. Kwa watu 60 ukianza na wa kwanza na kumtoa kila wa pili, anayebaki ni wa 57, leo, kesho na mwakani. Mwenye kupanga orodha ndiye amemchagua mshindi, hata kama mwenyewe hajui.

Namba itoke wapi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapopita haraka.

Kichwa cha binadamu si chanzo. Mwambie mtu ataje namba yoyote kati ya 1 na 10 uone 7 inavyorudi. Skrinishoti ya tovuti ya namba nasibu, yaani zinazotoka kwa bahati, nayo haitoshi, ingawa tovuti yenyewe inaweza kuwa nzuri. RANDOM.ORG, kwa mfano, inafanya kazi tangu 1998 na hutumia kelele za angahewa kupata namba zake. Dosari iko kwa mbonyezaji. Raundi ya kutoa nusu ikimwangusha rafiki yake, anabonyeza tena, kisha anawatumia skrinishoti ya pili. Nafasi ya rafiki kupona inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75, na akibonyeza mara tatu inafika 87.5. Skrinishoti haionyeshi zilizotupwa.

Google Sheets ina mtego wake. Namba za RAND, fomula yake ya kutoa namba nasibu, hubadilika kila seli yoyote kwenye karatasi inapohaririwa. Admini anapanga orodha, anaona matokeo, anasahihisha jina lililokosewa herufi, na matokeo yote yanageuka mbele ya macho yake. Asiyejua hili hufikiri faili limeingiliwa. Ukilazimika kuitumia, nakili safu ya namba na ubandike thamani peke yake kabla ya kugusa kitu kingine, tena mbele ya mashahidi.

Telegram ina dadu ya emoji, na matokeo yake hayachaguliwi na anayeituma. Ni nzuri kwa makundi madogo, mradi kanuni tatu ziwepo: dadu yenye alama ya kusambazwa kutoka kwingine haihesabiki, ya kwanza ndiyo ya mwisho, na anayefuta dadu yake ametoka. Hiyo ya tatu inaweza kuthibitishwa, kwa kuwa wasimamizi huona kumbukumbu za vitendo vya saa 48 zilizopita, na ujumbe uliofutwa umo humo.

Wengine huchukua tarakimu mbili za mwisho za namba inayotangazwa hadharani, halafu wanagawanya kwa idadi ya wachezaji na kuchukua baki. Wazo ni zuri, hesabu ina kasoro. Tarakimu mbili ni namba 100, kuanzia 00 hadi 99. Wachezaji ni 60, wamepewa namba 0 hadi 59. Namba 00 hadi 59 zinamwangukia kila mmoja mara moja. Zinazobaki, 60 hadi 99, zinarudi mwanzo na kuwaangukia wa 0 hadi 39 kwa mara ya pili. Wale 40 wa mwanzo wa orodha wana hatari maradufu ya wale 20 wa mwisho. Dawa ni kutupa matokeo yoyote ya 60 au zaidi na kusubiri mengine, au kutumia namba kubwa zaidi kiasi kwamba ziada inakuwa haina uzito.

Namba kubwa za namna hiyo zipo, na ni bure. Tangu 2019 mtandao wa taasisi uitwao League of Entropy unaendesha huduma ya drand, ambayo kwenye mfululizo wake wa kawaida (default) hutoa pigo moja la namba nasibu kila sekunde 30. Kila pigo lina namba yake ya mfululizo, haliwezi kujulikana kabla ya wakati wake, na likishatoka mtu yeyote anaweza kulifungua hata baada ya miezi. Kwa saa moja hutoka mapigo 120. Basi admini anaangalia pigo la sasa, anaongeza 120, na kuandika kundini: "Kura ya leo ni pigo namba fulani." Saa moja baadaye hana kitufe cha kubonyeza tena. Pigo ni lile lile kwa aliyeko Tabora na aliyeko Muscat.

Pigo huja kama mfululizo wa herufi na tarakimu 64 wa mfumo wa kumi na sita, yaani 0 hadi 9 kisha a hadi f. Ukate vipande vya alama nne nne, upate vipande 16. Kila kipande ni namba kati ya 0 na 65,535, kubwa vya kutosha kwa orodha ya watu 60. Utaratibu ni huu: geuza kipande kuwa namba ya kawaida, gawanya kwa idadi ya waliobaki, chukua baki, ongeza 1. Hiyo ndiyo nafasi ya anayetoka. Muondoe, orodha ijibane, endelea na kipande kinachofuata.

Tuchukue mfululizo unaoanza ba78 16bf 8f01. Kipande ba78 ni 47,736. Ukigawanya kwa 60 baki ni 36, ongeza 1: anatoka wa 37. Wamebaki 59. Kipande 16bf ni 5,823; kwa 59 baki ni 41, anatoka aliye nafasi ya 42. Angalia hapa, maana ndipo wengi wanapokosea: aliye nafasi ya 42 sasa si yule aliyepewa namba 42 mwanzoni. Nambari 37 ameondoka, kwa hiyo waliokuwa nyuma yake wote wamesogea hatua moja, na anayetoka ni mwenye namba 43. Kipande 8f01 ni 36,609. Kwa 58 baki ni 11, anatoka wa 12, ambaye yuko mbele ya pengo na hajasogea. Kwenye Google Sheets kazi hii hufanywa na HEX2DEC (hugeuza kipande kuwa namba) na MOD (hutoa baki), na hapa hakuna kitakachogeuka ukirekebisha jina. Pigo moja linatosha kutoa watu 16, kwa hiyo raundi ya kwanza ya kutoa 30 inahitaji mapigo mawili yanayofuatana. Yatajeni yote mawili mapema.

Kuna wanaopenda kura ibaki nyumbani, wasitegemee huduma ya nje. Kwao ipo njia ya ahadi iliyofungwa: admini anaandika sentensi ya siri, anaipitisha kwenye SHA-256, fomula inayogeuza maandishi yoyote kuwa alama 64 zisizoweza kurudishwa nyuma, na kubandika kundini alama hizo, ziitwazo heshi. Wanachama wanataja maneno yao, admini anafichua sentensi, kila mtu anahakiki kwamba heshi ni ile ile, kisha sentensi na maneno yanaunganishwa na kupigwa heshi mpya ambayo ndiyo kura. Kabla ya kuamini tovuti yoyote ya heshi, ijaribu kwa neno abc kwa herufi ndogo: jibu sahihi linaanza na ba7816bf na kuishia f20015ad (mfano wa hapo juu ulitoka humo). Siri isiwe fupi. Mtu akificha namba kati ya 1 na 60, mwenzake anapiga heshi zote 60 kwa dakika chache na kuijua. Nafasi moja tupu mwishoni mwa sentensi hubadilisha heshi nzima, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya uhakiki kugoma ilhali hakuna aliyedanganya. Udhaifu mkubwa zaidi ni huu: admini anaijua siri, na akishirikiana na mtu wa mwisho kutaja neno, wanaweza kujaribu maneno mpaka wapate linalowafaa. Neno la mwisho lisitoke kwa mtu aliyechaguliwa na admini. Kwa jumla drand ni salama kuliko hii, na ina maelezo machache.

Na kama kundi ni la wazee wasiotaka kusikia habari za heshi, karatasi kwenye bakuli zinafaa sana. Ziwe za daftari moja, zikatwe sawa, zikunjwe mara mbili, zihesabiwe kwa sauti mbele ya kamera, na anayezichota awe mtoto au mtu asiyecheza. Simu ya video ya WhatsApp hubeba watu 32, kwa hiyo kwa kundi la 60 irekodiwe na ibandikwe kundini nzima, bila kukatwa.

Orodha, saa na fedha

Orodha hufungwa kabla ya kura, kila jina na namba yake. WhatsApp humruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15, kwa hiyo orodha iliyobandikwa saa 2:30 usiku bado ni laini mpaka saa 2:45. Pigo la kura lisitoke kabla ya hapo. Kwa usalama zaidi, wanachama wawili wainakili na kuibandika upya kwa majina yao.

Laini mbili za simu si watu wawili. Katika kundi ambalo watu wanafahamiana hili hujulikana upesi. Katika kundi kubwa, mwambie kila mchezaji athibitishe kwa ujumbe wa sauti. Admini anayeendesha asicheze. Anayejitoa katikati ya wiki ahesabiwe ameanguka, na namba zipangwe upya mwanzoni mwa raundi tu, kwa orodha mpya inayotangulia kura.

Saa nazo zina vita yake. "Saa 3 usiku" kwa aliyeko Mwanza ni 21:00, lakini kijana aliyekulia London ataisoma kama 03:00, usiku wa manane, na kulala mapema. Andika zote mbili: saa 3 usiku, 21:00 za Dar na Nairobi. Kwa wakati huo huo Muscat ni 22:00, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni 20:00, na London ni 18:00 wakati wa baridi au 19:00 wakati wa kiangazi. Zaidi ya yote, kura isimtake mtu awe hewani. Ukiweka kanuni ya "asiyejibu ndani ya dakika tano ametoka", umeme ukikatika Kigamboni au bando likiisha, mtu ametolewa na kitu ambacho si bahati, na atasema hivyo.

Kiingilio ndicho kinachobadilisha jina la mchezo. Watu wakilipa, matokeo yakiwa ya bahati, na mshindi akichukua fedha, hiyo ni kamari machoni pa sheria. Nchini Tanzania shughuli hizo ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na zinahitaji leseni. Kenya nayo ina sheria zake. Katika makundi yenye Waislamu wengi, Unguja, Mombasa au Oman, hata shilingi 500 ya kila mtu itawatoa watu kabla ya raundi ya kwanza, na hawatarudi. Zawadi itolewe na mtu mmoja asiyecheza, itajwe kiasi chake tangu mwanzo. Na "kununua uhai" baada ya kuanguka, ambako wengi hukuona kama utani, ni kiingilio kilichovaa kanzu.

Wakifika wawili, acheni siku nzima kabla ya kura ya mwisho. Ndiyo sehemu yenye raha: walioanguka wanachagua upande, wanatania, wanaanza kuomba mgao. Kwa hatua hii kipande kimoja cha pigo kinatosha: baki ikiwa 0 anatoka wa kwanza kwenye orodha, ikiwa 1 anatoka wa pili. Zawadi itumwe siku hiyo hiyo, na kundini ibandikwe picha ya ujumbe wa muamala, namba za simu na salio vikiwa vimefichwa.